Sakafu ya Bi Harusi: Kutoka Kipande cha Mwashi Hadi Kopo la Sila



Msimu wa harusi ukikaribia, suali moja hutujia kwa namna nyingi. Nyumba imepakwa rangi, mapazia yametundikwa, na sakafu ya mawe ya ukumbini imepakwa sila, ule utando wa kopo unaotarajiwa kuing'arisha. Wiki mbili baadaye sakafu inaota ukungu mweupe, au inanata miguuni, au inababuka vipande vipande. Bi harusi analia, mama mtu anamlaumu fundi, fundi anailaumu sila, na muuza sila anasema jiwe ndilo bovu.

Jiwe halina kosa, na mara nyingi hata sila yenyewe si mbovu. Kilichopotea ni ujuzi wa namna nyumba zetu za visiwani zilivyojengwa, na kwa nini sakafu za bibi zetu zilikaa miaka mia bila kupakwa chochote cha kopo. Kwa hiyo leo tunaanza mbali kidogo, halafu tutafika kwenye hiyo sakafu inayonata.

Tuanze na neno lenyewe. Sakafu limetoka kwenye Kiarabu, saqf, na huko maana yake ni paa. Katika Surat al-Anbiya, aya ya 32, mbingu inatajwa kuwa ni paa lililohifadhiwa, na neno lililotumika ni hilo hilo. Imekuwaje sisi tukaliteremsha paa hadi miguuni? Jibu liko kwenye nyumba za ghorofa za mwambao. Mwashi wa zamani alipomaliza kujenga chumba, alikifunika kwa boriti, mawe na chokaa. Kwa aliye chini hilo lilikuwa paa, na kwa atakayejenga juu yake lilikuwa mahali pa kukanyaga. Wazee walisema sakafu ya juu na sakafu ya chini, na kote wakamaanisha kitu kile kile kilichotengenezwa kwa mikono ile ile.

Na aliyejengewa juu mara nyingi alikuwa binti. Lamu, katika familia zenye uwezo, ilikuwa desturi binti akiolewa apewe nyumba na wazazi wake, na mume ndiye ahamie kwa mke. Kiwanja kikiwa hakuna, baba alipandisha ghorofa juu ya yake, au alivusha chumba juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili kwa wikio, ili wanawake wapite kwa jamaa zao bila kushuka barabarani. Paa la mama likawa sakafu ya mwana. Ndani kabisa, mbali na mlango wa mtaani, kilikuwa chumba cha ndani chenye zidaka ukutani, vile vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu kwa safu kama kazi ya sindano, vikawekwa sahani za kichina na vitu vya thamani. Huko ndiko bi harusi alikoonyeshwa kwa wageni wake. Kwa hiyo sakafu ikiharibika, chumba cha mama kilicho chini kilikuwa cha kwanza kuvujiwa. Hapakuwa na nafasi ya kazi ya kulipua.

Ilijengwaje? Mawe yetu ni matumbawe, na ni ya namna mbili. Kuna lile la nchi kavu, gumu, lenye matundu, ndilo la kuta. Na kuna lile linalokatwa baharini likiwa bado hai, ambalo likitoka majini ni laini hata linachongeka kwa shoka, kisha likikauka huwa gumu. Hilo la pili ndilo lililochongewa mihrabu na miimo ya milango. Huko Shanga, kisiwani Pate, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta misikiti iliyojengwa kwa miti ikiwa chini ya msikiti wa mawe, mmoja juu ya mwingine mahali pamoja. Msikiti wa Kizimkazi, hapa Unguja, una maandishi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Ujuzi huu basi si wa jana.

Chokaa ilitoka kwenye jiwe lilo hilo. Waliyapanga magogo kama gurudumu kubwa, wakarundika juu yake vipande vya matumbawe, wakawasha moto. Tanuu ikiungua vizuri, jiwe hupoteza hewa iliyomo ndani yake na kubaki jepesi na kali. Likimwagiwa maji hutokota lenyewe bila moto, kisha huwa unga au uji mweupe. Uji huo ukiachwa ukae, huwa laini kama siagi. Na sasa ndiyo siri yenyewe: chokaa ikishapakwa, taratibu huivuta tena ile hewa iliyoipoteza tanuuni, na mwisho hurudi kuwa jiwe. Kwa hiyo jiwe la ukuta, udongo wa kuungia na sakafu ya juu yake ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Vinavimba pamoja, vinasinyaa pamoja, na unyevu hupita kutoka kimoja hadi kingine bila kugombana.

Sakafu ya ghorofa ilianza na boriti za mikandaa zilizolazwa ukuta hadi ukuta. Kwa kuwa boriti haizidi urefu wake, vyumba vyetu vya zamani vina upana wa karibu mita 2.5 hadi 3, na urefu upendavyo. (Anayetaka kujua kwa nini kitanda cha kisasa cha futi sita hakikai vizuri kwenye chumba cha bibi, jawabu ni mkandaa.) Juu ya boriti zililazwa bapa za mawe, juu yake kokoto na chokaa, na hapo ikaanza kazi ambayo kamusi za zamani zinaiita kupigilia.

Kupigilia ni kuitwanga sakafu mbichi kwa vijiti vya mbao vyenye kichwa bapa, kimoja kikiitwa kipande. Lilihitajika kundi la watu, wakikaa safu na kupiga kwa pamoja, siku baada ya siku, kwa nyimbo na ngoma ili mikono isipotezane. Kila pigo lilisukuma maji juu na kuziba matundu. Walipomaliza, uso ulipakwa chokaa laini na kusuguliwa mpaka ukawa kama yai. Hiyo ndiyo iliyokuwa sila yao: uso ulioshikamana kwa kupigwa, ambao ulizuia maji ya juu yasizame haraka, lakini ukauachia unyevu wa ndani utoke polepole.

Tunaisifu kazi hii, na inastahili. Lakini haki ya historia ni kusema pia mikono hiyo ilikuwa ya nani. Unguja ya karne ya 19, sehemu kubwa ya kubeba mawe na chokaa na kutwanga sakafu ilifanywa na watumwa, wanawake wakiwemo, chokaa ikiwa kichwani na jua likiwa juu ya chokaa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa nguvu ya kisheria 1897. Tunapokanyaga sakafu laini ya nyumba kongwe na kusema mashallah, tuwaombee rehema walioitwanga kwa nyimbo ambazo hawakuzichagua.

Sakafu hii ilikusudiwa kukutana na maji. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliona misikiti ya mbao, na mlangoni visima vifupi. Anayeingia huosha miguu kwanza, kisha huifuta kwenye mkeka mnene uliowekwa mlangoni. Jambo dogo, lakini mtu wa safari nyingi kama yeye aliliona linastahili kuandikwa. Ndani ya nyumba ni hivyo hivyo: udhu, kuoga mzazi, kuogesha mtoto, kukosha maiti, yote yamefanyika juu ya sakafu hizo. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886 anaeleza vyumba vya Unguja vyenye vishubaka virefu ukutani, na chini vimetandikwa mazulia ya Kiajemi na mikeka laini. Mkeka wa ukindu una matundu. Ukimwagika maji unainuliwa, unaanikwa, na sakafu inapumua. Zulia la plastiki haliwezi hayo, na tutalirudia.

Baba yake Salme alimjengea mkewe wa Kiajemi hamamu kule Kidichi mwaka 1850, na kuta zake zikapambwa kwa chokaa iliyochongwa maua na ndege. Bado ipo, nendeni mkaione. Ni mahali pa mvuke na maji, na wajenzi hawakuona haja ya kitu kingine zaidi ya chokaa.

Mambo yalianza kubadilika kwa Sayyid Barghash. Alipenda mapya: maji ya bomba, hamamu ya mji pale Hamamni, na mwaka 1883 Beit al-Ajaib yenye nguzo za chuma na sakafu za marumaru iliyoletwa kwa meli. Marumaru ikawa alama ya utukufu, na kila mwenye uwezo akataka kipande chake ukumbini. Hapa inafaa tusimame kidogo kwenye lugha, maana siku hizi madukani kila kigae huitwa marumaru. Marumaru ya kweli ni jiwe, na ni jamaa wa chokaa: linakunywa maji, linakunywa mafuta, na linaliwa na ndimu, siki na dawa kali za choo. Kigae cha kiwandani chenye uso wa kioo hakinywi chochote. Mwenye kigae cha namna hiyo akipaka sila amelipia tabu, kwa kuwa haina pa kuingia na itababuka tu.

Karne ya 20 ilileta saruji, na saruji ilipendwa kwa sababu inakauka haraka na haihitaji tanuu wala kundi la wapigaji. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zikaingia mikononi mwa serikali, wakaingia wakaazi wapya, na matengenezo ya chokaa ya kila baada ya masika yakalegea. Palipobomoka pakazibwa kwa saruji. Lakini saruji ni ngumu kuliko jiwe letu na haipitishi unyevu kama chokaa. Maji ya chumvi yanayopanda kutoka ardhini yakazuiliwa, yakatafuta njia nyingine, na chumvi ikakauka ndani ya jiwe, ikavimba, ikalimega kutoka ndani. Ndiyo maana unaona ukuta una plasta nzima iliyo ngumu, lakini ukiugonga unalia tupu. Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe, miaka ya 1990 Zahanati Kongwe ikakarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni kwa kurudia kazi ya chokaa, na mwaka 2000 mji ukaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Wakati huo huo, majumbani mwetu, kosa la saruji lilikuwa linajirudia kwa sura nyengine, safari hii ndani ya kopo.

Sila ziko za namna mbili. Moja hukaa juu kama vanishi na kutengeneza ngozi. Nyingine huzama ndani ya jiwe na haiachi ngozi. Ile ya juu ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayonunuliwa kwa harusi.

Kila mwanamke anayesali anajua suala la rangi ya kucha: maji ya udhu hayafiki, kwa hiyo udhu hautimii. Sila ya ngozi juu ya jiwe la matumbawe au marumaru ni rangi ya kucha, ila taabu yake inatokea upande wa chini. Nyumba ya ghorofa ya chini, karibu na bahari, ina unyevu unaopanda usiku na mchana. Ukifika chini ya ngozi ile hauna pa kutokea. Ndiyo ule ukungu mweupe. Ukiwa na chumvi, ndiyo ule ubabukaji. Kunata ni jambo jengine: mara nyingi ni sila ya kuzama iliyomwagwa nyingi na kuachwa ikaukie juu badala ya kufutwa ndani ya dakika chache kama kopo linavyoagiza.

Basi, aliyekwisha kupaka afanye nini? Kwanza ajue kama sakafu yake ina unyevu. Kata kipande cha plastiki angavu, kibandike pande zote kwa gundi ya utepe kwenye sakafu iliyo wazi, kiache siku nzima na usiku wake. Ukikuta matone chini yake, hakuna sila duniani itakayokaa hapo, na anayekuambia ipo anataka kuuza.

Sakafu inayonata kwa sila ya kuzama ndiyo rahisi. Paka kidogo sila ile ile, au kiyeyushi chake kilichoandikwa kwenye kopo, sehemu ndogo ndogo. Iliyokauka italegea, na uifute mara moja kwa vitambaa vikavu visafi mpaka kitambaa kisiburute. Sila ya ngozi iliyofanya ukungu au kubabuka haina dawa ya juu juu. Kuongeza mkono wa pili kunaufungia unyevu zaidi. Inabidi ivuliwe kwa kiyeyushi kinachofaa sila hiyo, kwanza kwenye pembe isiyoonekana, madirisha wazi, glavu mkononi, watoto na wajawazito mbali. Sugua kwa brashi ya nailoni, kamwe si steluulu, ambayo huacha nyuzi zinazoshika kutu. Tindikali usiiguse: dawa ya choo itaitoa sila, na itaula pia uso wa jiwe. Na usichanganye klorini na dawa nyengine yoyote, mvuke wake unaua.

Chumvi iliyojitokeza ifagiliwe ikiwa kavu. Ukiikosha kwa maji unairudisha ndani. Mafuta ya nazi au ya singo yaliyozama kwenye marumaru yanatolewa kwa uji mzito wa baking soda, upakwe, ufunikwe plastiki usiku kucha, kisha uachwe wazi ukauke wenyewe na kuondolewa. Uji unayanyonya mafuta juu. Pengine itahitajika mara tatu. Doa la hina kwenye marumaru nyeupe hulegea kwa uji kama huo uliokorogwa kwa haidrojeni peroksaidi, lakini marumaru yenye rangi inaweza kufifia, kwa hiyo jaribu kwanza.

Kina dada kadhaa wameuliza kama sakafu yenye sila hutahirika. Hutahirika. Tunaijua habari ya bedui aliyekojoa msikitini, Mtume, rehema na amani zimshukie, akawazuia masahaba wasimkatize, kisha akaagiza ndoo ya maji imwagwe pale. Kwetu sisi wa madhehebu ya Imam Shafii, najisi yenyewe ikishaondoka na maji yakapita juu, inatosha, iwe jiwe au kigae. Tabu ya ngozi iliyopasuka ni kwamba uchafu huingia kwenye nyufa na hautoki kwa ndoo moja. Na ikiwa nzima, ikilowa, ni utelezi mtupu kwa mama mzee anayetoka kutia udhu. Hili la pili linatutia hofu zaidi kuliko ukungu wote.

Baada ya kuvua, acha. Ondoa zulia la plastiki, fungua madirisha, tandika mkeka pale tu mnapokaa. Jiwe lililofungwa muda mrefu linaweza kuchukua wiki kadhaa kukauka. Likikauka na ukataka kinga jikoni au penye kula, tumia sila ya kuzama pekee, kidogo, na uifute. Sakafu ya chokaa iliyobomoka itafutiwe fundi wa chokaa, na aliye ndani ya Mji Mkongwe apate kwanza kibali cha Mamlaka kabla ya kuvunja chochote.

Kama harusi iko ndani ya mwezi mmoja, tunashauri usivue na usipake. Singo, liwa na hina vifanyiwe juu ya busati kuukuu lililowekewa kitambaa kizito chini, ukumbi utandikwe mikeka mipya, na wageni hawatajua kilichopo chini yake. Kazi ya kuvua sila iwekwe baada ya fungate, Januari au Februari, kaskazi inapovuma kavu. Masika isikukute umeianza.